Jicho la Mwenye Kisukari Linahitaji Mstari Wake Kwenye Daftari

Mkazi anayehudhuria kliniki ya kisukari hurudi nyumbani na vitu viwili: dawa na daftari. Ndani ya daftari kuna uzani, presha, kiwango cha sukari cha siku hiyo na tarehe ya kurudi. Habari ya macho huachwa kwa urahisi, kwa sababu jicho halimuumi mgonjwa na foleni nje ya mlango ni ndefu.

Chukulia mfano wa mkulima wa miaka 58 ambaye ameishi na kisukari kwa miaka tisa. Anamweleza tabibu kwamba siku hizi anapochambua maharagwe hawezi kutofautisha punje na kijiwe. Kwenye daftari zinaandikwa herufi mbili tu, DM, kifupi cha Kiingereza cha kisukari, kisha majina ya dawa. Miezi sita baadaye anafika katika hospitali kubwa na kuhudumiwa na tabibu mwingine. Huyu wa pili hawezi kujua kama macho yale yaliwahi kupimwa, kama jicho lililofifia ni la kulia au la kushoto, wala kama hali imezidi. Analazimika kuanza upya. Kwa ugonjwa unaoharibu macho polepole bila maumivu, miezi sita iliyopotea inaweza kuamua kama mtu ataendelea kuona au la.

Makala hii inaeleza kinachofaa kuandikwa baada ya macho ya mwenye kisukari kupimwa, jinsi maandishi hayo yanavyogeuzwa kuwa nambari ya ugonjwa, na maswali ambayo mkazi anaweza kuuliza kabla ya kuondoka kliniki.

Sukari hufanya nini ndani ya jicho

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Utando huu hupokea mwanga na kuutuma ubongoni, na ubongo huufanya kuwa picha. Retina hulishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, mishipa hiyo hudhoofika, huvimba na kuvuja, na mingine huziba. Presha ya juu huongeza madhara hayo. Ugonjwa huu huitwa retinopathi ya kisukari.

Madaktari huugawa katika hatua. Ya kwanza ni ile ambayo mishipa ya zamani imeharibika lakini mishipa mipya haijaota. Hatua hii yenyewe hupimwa kuwa ndogo, ya kadiri au kali. Inayofuata ni hatua ya mishipa mipya. Retina iliyokosa damu ya kutosha huchochea mishipa mingine iote, lakini mishipa hiyo ni dhaifu. Inaweza kupasuka na kujaza jicho damu, au kuacha kovu linaloivuta retina hadi ibanduke.

Kando ya hatua hizo kuna tatizo jingine linaloweza kutokea wakati wowote: uvimbe wa makula. Makula ni sehemu ya katikati ya retina ambayo mtu huitumia kusoma, kushona na kutambua sura za watu. Maji yakivuja hapo, katikati ya kile mtu anachokitazama hufifia au hupinda.

Katika hatua za mwanzo mgonjwa hahisi chochote. Ndiyo maana mwenye kisukari cha aina ya pili hushauriwa kupimwa retina mara tu ugonjwa unapogunduliwa, na baada ya hapo kila mwaka. Mwenye aina ya kwanza huanza ndani ya miaka mitano tangu agunduliwe. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya kupata mimba anapaswa kupimwa macho mapema katika ujauzito, kwa sababu ujauzito unaweza kuharakisha ugonjwa huu.

Matibabu yapo: kudhibiti sukari na presha, leza, sindano za ndani ya jicho na upasuaji. Lakini kazi kubwa ya matibabu hayo ni kulinda uwezo wa kuona uliobaki. Uliopotea mara nyingi haurudi.

Kutoka kwa maandishi hadi nambari

Mgonjwa anapohudumiwa, tabibu huandika alichokiona na jina la ugonjwa. Jina hilo hutafutiwa nambari katika orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotayarishwa na Shirika la Afya Duniani, ijulikanayo kwa kifupi kama ICD. Katika hospitali nyingine kazi hiyo hufanywa na afisa wa kumbukumbu za afya. Kwingine tabibu huchagua nambari mwenyewe kwenye kompyuta. Nambari husaidia ugonjwa mmoja uhesabiwe kwa namna moja, uwe umeandikwa Lodwar au Lamu.

Kwa miaka mingi toleo lililotumika ni la 10. Katika toleo hilo, E11 ni kisukari cha aina ya pili. Tarakimu inayofuata nukta hueleza kama kuna madhara: E11.9 ina maana kwamba hakuna madhara yaliyoonekana, na E11.3 ina maana kwamba macho yameathirika. Retinopathi yenyewe ina nambari yake, H36.0, inayoandikwa pamoja na ile ya kisukari. Kwa hiyo mkulima wa mfano wetu, ambaye daftari lake lina herufi mbili tu, anaweza kuishia kwenye E11.9, kana kwamba macho yake ni mazima. Anaweza hata kuishia kwenye E14, nambari ya kisukari ambacho aina yake haikutajwa.

Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi duniani Januari 1, 2022. Hilo linaeleza mengi zaidi. Kisukari cha aina ya pili ni 5A11. Retinopathi isiyo na mishipa mipya ni 9B71.00, yenye mishipa mipya ni 9B71.01, na uvimbe wa makula ni 9B71.02. Kuna hata nambari za upande wa mwili, hivi kwamba 5A11/9B71.01&XK9K husomeka: kisukari cha aina ya pili, retinopathi ya mishipa mipya, jicho la kulia.

Mkazi anayetafuta habari hizi kwenye intaneti anaweza kukutana na nambari ndefu kama E11.3511. Hiyo ni ya Marekani, ambako toleo la 10 liliongezewa tarakimu kwa matumizi ya nchi hiyo. Asishtuke akiona kwamba karatasi yake ya hospitali haina nambari ya namna hiyo.

Hakuna haja ya mkazi kukariri nambari hizi. Jambo la kukumbuka ni moja: nambari haiwezi kusema zaidi ya kilichoandikwa. Afisa wa kumbukumbu haruhusiwi kukisia. Kama daftari halikutaja jicho, hata mfumo bora wa kompyuta hauwezi kulitaja.

Mambo matano ya kuandikwa

Rekodi nzuri ya macho ya mwenye kisukari haihitaji ukurasa mzima. Mistari michache inatosha, mradi ijibu mambo haya matano.

1. Aina ya kisukari, na mwaka kilipogunduliwa. Kisukari kinachoanza wakati wa ujauzito kiandikwe hivyo hasa, kwa kuwa hakimweki mama katika hatari ile ile ya macho kama kisukari alichokuwa nacho kabla ya mimba.

2. Uwezo wa kuona wa kila jicho, kulia na kushoto, kila moja peke yake. Kipimo huandikwa kama 6/6 au 6/18. Maana ya 6/18 ni kwamba mgonjwa anaona akiwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 18. Kwenye madaftari mengi, RE ni jicho la kulia na LE ni la kushoto.

3. Hali ya retina ya kila jicho: haina ugonjwa, ina ugonjwa wa hatua gani, na kama makula imevimba au la. Jicho moja linaweza kuwa limefika hatua ya mishipa mipya huku lingine likiwa katika hatua ndogo. Neno "macho" peke yake halionyeshi tofauti hiyo.

4. Magonjwa mengine ya jicho yaliyopo. Mtoto wa jicho ni wa kawaida kwa watu wenye umri mkubwa na huwapata wenye kisukari mapema zaidi. Mtu mmoja anaweza kuwa na mtoto wa jicho na retinopathi kwa pamoja. Kama ni mtoto wa jicho pekee aliyeandikwa, mgonjwa anaweza kufanyiwa upasuaji akitarajia kuona vizuri, kisha akavunjika moyo kwa sababu retina iliyokuwa nyuma yake haikutibiwa.

5. Hatua inayofuata, na tarehe. Arudi baada ya mwaka? Baada ya miezi michache? Anapewa rufaa kwenda kupigwa leza? Kadiri ugonjwa unavyozidi ndivyo muda wa kurudi unavyopungua, na mwenye mishipa mipya hapaswi kungoja mwaka.

"Hana ugonjwa" si sawa na "hakupimwa"

Kosa linaloweza kumdhuru mgonjwa kuliko yote ni kuchanganya mambo matatu ambayo kwenye karatasi yanafanana.

La kwanza: retina ilipimwa na haina ugonjwa. Hiyo ni habari njema, na iandikwe pamoja na tarehe.

La pili: jaribio la kupima lilifanyika lakini retina haikuonekana, labda kwa sababu ya mtoto wa jicho, damu ndani ya jicho, au picha isiyo wazi. Hapo hakuna anayejua hali ya retina. Mgonjwa anahitaji kupimwa kwa njia nyingine au kupewa rufaa.

La tatu: retina haikupimwa kabisa. Hili hutokea mgonjwa anaposomeshwa herufi ukutani peke yake. Kusoma herufi hupima uwezo wa kuona. Hakuonyeshi hali ya retina. Mtu anaweza kusoma hadi mstari wa 6/6 huku mishipa mipya ikiwa tayari imeota ndani ya jicho lake.

Mahali pa retina pakiachwa wazi, msomaji anayefuata anaweza kudhani ni hali ya kwanza, hata kama ukweli ni ya pili au ya tatu. Maneno mawili, "retina haikupimwa", yanaweza kumfanya tabibu wa mwezi ujao achukue hatua.

Kupima retina vizuri mara nyingi huhitaji matone ya kupanua mboni. Baada ya matone hayo macho huona ukungu na huumizwa na mwanga kwa saa kadhaa. Inafaa mgonjwa aje na mtu wa kumsindikiza, na asiendeshe gari, pikipiki wala baiskeli siku hiyo hadi macho yarudi hali yake ya kawaida.

Rekodi na malipo ya SHA

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Hospitali inapomhudumia mwanachama, hutuma dai la malipo. Dai hilo hubeba ugonjwa na huduma iliyotolewa, na viwili hivyo vinapaswa kupatana. Huduma ya jicho ikiombewa malipo kwa rekodi isemayo kisukari kisicho na madhara, dai hilo linazua maswali, na mgonjwa ndiye anayengoja maswali yakijibiwa.

Suluhisho si kuandika ugonjwa mkubwa ili dai lipite. Kuandika hatua ambayo mgonjwa hajafika ni udanganyifu, na humfuata mgonjwa mwenyewe: tabibu anayefuata ataanzia kwenye habari ya uongo. Vivyo hivyo, mkazi hapaswi kutia sahihi, kuweka alama ya kidole wala kutaja nambari ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yake kabla ya kuelezwa ni huduma gani inayoombewa malipo. Ana haki ya kuuliza, na jibu linapaswa kuwa la wazi: jicho gani, ugonjwa gani, huduma gani.

Kabla ya siku ya huduma, mgonjwa anashauriwa kuhakikisha kwamba usajili wake uko sawa, na kuuliza hospitali ni sehemu gani ya matibabu ya macho inayolipiwa na ni ipi atakayogharamia mwenyewe.

Rekodi na mipango ya kaunti

Chini ya Katiba ya 2010, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kila mwezi vituo hivyo hujumlisha wagonjwa wao. Kwa mfano, fomu ya MOH 705B hukusanya magonjwa ya wagonjwa wa nje wenye zaidi ya miaka mitano, na takwimu za vituo huingizwa kwenye mfumo wa taifa wa habari za afya, KHIS.

Takwimu hizo ndizo hutazamwa wakati wa kupanga bajeti. Kuamua kama hospitali inahitaji kamera ya retina, mashine ya leza, dawa za sindano za macho au mtaalamu mwingine wa macho kunahitaji kujua wagonjwa ni wangapi na wako hatua gani. Wagonjwa mia moja wenye retinopathi walioandikwa kisukari tu huonekana kwenye jedwali kama wagonjwa mia moja wa kisukari na hakuna hata mmoja wa macho. Mbele ya kamati ya bajeti, ugonjwa ambao haukuandikwa ni kama haupo.

Kwa hiyo mkazi anayehakikisha kwamba jicho lake limeandikwa sawasawa anajisaidia yeye mwenyewe, na pia anamsaidia jirani ambaye bado hajagunduliwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuondoka

Watoa huduma wana wagonjwa wengi, na swali la heshima halimkasirishi mtu. Mgonjwa, au mtoto wake aliyemsindikiza, anaweza kuuliza haya:

• "Daktari, leo retina imepimwa, au nimesoma herufi tu?"
• "Jicho la kulia likoje? Na la kushoto?"
• "Kama kuna ugonjwa, uko hatua gani? Makula je?"
• "Naomba uniandikie hayo kwenye daftari pamoja na tarehe."
• "Nirudi lini, na niende wapi?"

Anayepewa rufaa anafaa kuhakikisha kwamba karatasi ya rufaa imeeleza jicho gani, hatua gani, matibabu yaliyokwisha kutolewa na kipimo cha sukari cha karibuni, hasa kile kiitwacho HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu hivi. Baada ya matibabu, alete majibu kwenye kliniki yake ya kawaida ili yaandikwe huko pia. Rufaa isiyorudisha majibu huacha pengo lile lile.

Daftari litunzwe mahali pakavu. Kurasa zikijaa, daftari la zamani lisitupwe wala kuwashiwa moto jikoni: mistari ya macho ya miaka iliyopita ndiyo huonyesha kama ugonjwa umesimama au unaendelea. Mwenye simu anaweza kupiga picha za kurasa hizo na kumwachia mtu wa nyumbani anayemwamini. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanapotembelea nyumba wanaweza kuonyeshwa daftari na kukumbusha tarehe ya kurudi.

Kosa likionekana kwenye rekodi

Makosa hutokea: kulia huandikwa kushoto, aina ya pili huandikwa ya kwanza, jina hufanana na la mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuona habari zake zinazohifadhiwa na kuomba zilizo za uongo au za kupotosha zirekebishwe. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya kumbukumbu za afya katika hospitali husika. Mgonjwa aende na kitambulisho na daftari lake, na aeleze tarehe aliyohudumiwa. Yeye mwenyewe asifute wala kuandika juu ya maneno ya tabibu. Marekebisho hufanywa na mtoa huduma, yakiwa na tarehe na sahihi, ili yaliyoandikwa mwanzo yaendelee kusomeka.

Kuna hali ambazo hazingoji daftari wala tarehe ya kurudi. Mwenye kisukari anayeona ghafla madoa meusi mengi yanayoelea, mimweko ya mwanga, kitu kama pazia linaloshuka mbele ya jicho, au anayepoteza uwezo wa kuona kwa ghafla, anapaswa kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine wote wenye kisukari wanahimizwa kufungua daftari lao leo na kutafuta mstari wa macho wa mwaka huu. Asiyeuona ana swali la kwanza la kumuuliza tabibu atakaporudi kliniki.